Anko Anajibu: Farasi Mlangoni pa Kanisa, Mayai Juu ya Msikiti

Mwezi huu mmeniandikia kwelikweli. Mmoja anauliza ya Olimpiki, mwingine ya misikiti, mwingine ya michoro, mi nikawa nazipanga mafungu mezani, hili la michezo, hili la dini, hili la wasafiri, mpaka mafungu yakanishinda maana kila barua niliyoshika naona ingekaa kwenye fungu la jirani pia. Nikazichanganya zote. Naanza na anayenigombeza, huyo hasubirishwi.

"Mwanangu, toleo lililopita umeandika Michelangelo alichora dari la kanisa la Sistine kule Vatikani akiwa amelala chali. Nimefundisha sanaa mpaka nimestaafu, hicho kitu nimekisahihisha kwenye madaftari ya watoto mara zisizohesabika, leo nakikuta kwenye gazeti. Ulikitoa wapi?" (Mwalimu Mstaafu)

Shikamoo mwalimu. Nimekosa, wala sina pa kujificha. Nilikitoa kulekule wanakokitoa wengi, kuna sinema ya miaka ya 1960 ilimlaza chali na tangu hapo watu wamemuacha amelala. Ukweli ni kwamba alisimama. Kuanzia 1508 mpaka 1512 alikuwa juu ya jukwaa la mbao lililoshikizwa kwenye kuta kulekule juu, chini wakabaki na nafasi yao, yeye kasimama, kichwa kakipindua nyuma, mkono juu, brashi inamdondoshea rangi usoni. Tunajuaje? Kasema mwenyewe. Alimuandikia rafiki yake shairi la kulalamika, ndevu zinaelekea mbinguni, shingo imevimba, mgongo umepinda kama upinde, alafu pembeni ya shairi akachora kikatuni cha mtu aliyesimama kanyoosha mkono darini anachora kidude kibaya kama cha mtoto wa chekechea. Huyo ndo Michelangelo anajicheka. Na anamalizia kwa kusema yeye wala si mchoraji, na hapo hakuwa anajishusha ili asifiwe, alijiona ni mchonga mawe aliyeburuzwa kwenye kazi ya watu wengine.

Mi niliwahi kupaka rangi dari la chumba kimoja tu, chumba kidogo, kesho yake nikiitwa jina nilikuwa nageuka mwili mzima kama kabati. Nilitakiwa nijue.

"Anko habari za kazi. Kwenye picha za kanisa la Mtakatifu Marko kule Venice nimeona farasi wanne wa shaba juu ya mlango mkuu. Malaika nimewazoea, mitume nimewazoea, hata simba. Hawa farasi wametokea sura gani ya Biblia?" (Mpwa wa Chuo)

Hakuna sura mpwa wangu, hao ni farasi wa mashindano.

Walikuwa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo, kwenye uwanja wa mbio za magari ya kukokotwa uliokuwa unaitwa Hipodromu, na ndo maana wako wanne, gari moja lilikuwa na farasi wanne. Mwaka 1204 jeshi la Vita vya Msalaba, lililokuwa limebebwa na meli za watu wa Venice, badala ya kwenda kupigana kule lilikoaga kwamba linaenda, likauvamia mji huo ambao wenyewe ulikuwa wa Wakristo wenzao, likaukomba. Farasi wakapakiwa merikebuni. Ukiwatazama kwa karibu utaona kila mmoja kavaa kola shingoni, na simulizi ya siku nyingi ni kwamba vichwa vilikatwa ili waingie melini, kola zikaja kufunika kovu. Alafu itazame ngozi. Wamepakwa dhahabu, lakini juu ya dhahabu hiyo kuna mikwaruzo, michirizi midogo mingi, imekwaruzwa makusudi ili jua likipiga dhahabu isimulike kama kioo ikafuta umbo la misuli. Yaani fundi kahangaika mpaka kamaliza kupaka dhahabu, alafu anachukua chuma anaanza kuikwaruza! Mi hapo ndo huwa nabaki mdomo wazi. Hata shaba yenyewe ni karibu shaba nyekundu tupu, ambayo kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu ni kazi ngumu kuliko ile iliyochanganywa na bati, ila inashika dhahabu vizuri zaidi, kwa hiyo mtu alichagua tabu akijua anachokitaka.

Napoleon naye alipoichukua Venice mwaka 1797 akawabeba mpaka Paris, wakaja kupandishwa juu ya tao lake la ushindi, alipoanguka wakarudishwa 1815. Wale unaowaona mlangoni sasa hivi ni nakala. Wa asili wako ndani ya jengo hilohilo, kwenye makumbusho ya kanisa, waliingizwa kwa sababu hewa chafu ilikuwa inawala, kwa hiyo ukifika usipige selfi ya nje ukaondoka.

Na kwa vile umeshanifikisha Hipodromu, sitoki bila kukusimulia ya mashabiki. Kulikuwa na pande mbili kubwa, Bluu na Kijani, watani wa jadi wa kuchomana visu kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 532 kundi la wahuni wa pande zote mbili likahukumiwa kunyongwa kwa mauaji, siku ya kunyongwa mti ukavunjika, wawili wakaponea, na katika wale wawili mmoja alikuwa Bluu na mwenzie Kijani. Wakakimbiziwa kanisani. Mashabiki wakamuomba mfalme Justinian awasamehe, akagoma. Siku ya mbio watu wamejaa uwanjani wanashangilia kama kawaida, kila upande na lake, ikafika mahali kelele za Bluu na za Kijani zikageuka kuwa kelele moja, "Nika! Nika!", maana yake shinda, lile neno walilokuwa wanawapigia madereva wao. Mfalme akajua hapa kimeumana. Mji ukawaka siku kadhaa, na kanisa kuu likateketea. Justinian alitaka kupanda meli akimbie, mkewe Theodora ndo aliyemwambia yeye haondoki. Mwisho wake askari wakawafungia watu ndani ya uwanja wakawaua, na Procopius, mwandishi wa zama hizohizo, anataja zaidi ya watu 30,000.

Wiki chache tu baadaye mafundi wakaanza kujenga upya pale palipoungua, na Desemba 537 jengo likafunguliwa. Hilo jengo ndo Hagia Sophia. Chini ya miaka sita, kuba la upana wa mita kama 31 likielea juu ya madirisha 40. Lilianguka mwaka 558, wakalirudisha mwaka 562 wakiwa wamelinyanyua zaidi ili lisisukume kuta kwa nje. Likawa msikiti mwaka 1453, makumbusho miaka ya 1930, msikiti tena 2020. Watu wanaingia pale wanatazama juu wanaguna, na chanzo chake ni fujo za uwanjani.

"Anko, mume wangu anadai zamani watu walikuwa wanapewa medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa kuchora picha. Nimemwambia aache uongo, tumewekeana dau la kuosha vyombo mwezi mzima. Naomba unitetee." (Mama Dau)

Mama, pole sana, kaanze na masufuria.

Kuanzia Stockholm 1912 mpaka London 1948 Olimpiki ilikuwa na mashindano ya sanaa, michezo saba mfululizo, na fani zilikuwa tano: usanifu majengo, fasihi, muziki, uchoraji na uchongaji. Sharti lake kazi iwe imetokana na michezo. Aliyelipigania wazo hilo ni Pierre de Coubertin, huyuhuyu aliyefufua Olimpiki, alitaka mwili na akili vikae meza moja kama anavyoamini ilivyokuwa kwa Wagiriki. Na sikia hii, dhahabu ya fasihi ya 1912 ilienda kwa shairi la kuusifu mchezo, lililoletwa na waandishi wawili, mmoja jina la Kifaransa mwingine la Kijerumani. Kumbe wote wawili ni Coubertin mwenyewe kajificha! Mwenye sherehe kashinda bahati nasibu ya sherehe yake.

Waliopata medali za pande zote, uwanjani na kwenye sanaa, ni wawili tu. Wa kwanza Walter Winans, Mmarekani, dhahabu ya kulenga shabaha 1908, alafu dhahabu ya uchongaji 1912 kwa sanamu ya, utanisamehe, farasi. Wa pili ni Alfréd Hajós wa Hungaria, ambaye 1896 alishinda mbio mbili za kuogelea, na enzi hizo hakukuwa na bwawa, walitupwa baharini, maji ya baridi kali mpaka akajipaka mafuta mazito mwili mzima. Huyu alikuja kuwa msanifu majengo na mwaka 1924 akapata fedha kwa ramani ya uwanja wa michezo, na dhahabu mwaka huo waamuzi hawakumpa mtu, kwa hiyo aliongoza kwa kuwa wa pili. Mwaka 1948 mchoraji John Copley wa Uingereza alipata fedha akiwa na miaka 73. Baada ya hapo ikafutwa, hoja ikiwa kwamba Olimpiki ni ya wasiolipwa na wasanii wanaishi kwa kuuza kazi zao, na medali zao hazihesabiwi kwenye jedwali la nchi. Kwa hiyo ukimwambia mumeo hazihesabiwi utakuwa sahihi, lakini vyombo utaosha.

"Kuna ukweli wowote kwamba makumbusho makubwa yaliwahi kutundika mchoro kichwa chini miguu juu?" (Fundi Fremu)

Ndiyo, Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, mwaka 1961, kazi ya Henri Matisse ya vipande vya karatasi, mashua na kivuli chake majini. Ilikaa siku 47. Wamepita watu elfu na elfu, wameinamisha vichwa, wametingisha vichwa, hakuna aliyesema kitu mpaka akaja mama mmoja muuza hisa ambaye alilinganisha na kitabu cha maonyesho akaona mashua iko chini na kivuli kiko juu. Alimwambia mlinzi, mlinzi hakumsadiki, akaenda gazetini. Wakaigeuza.

"Assalamu alaykum Anko. Niliona picha za ule msikiti mkubwa wa udongo wa Djenné, Mali. Juu kabisa ya minara kuna vitu vyeupe kama balbu. Rafiki yangu anasema ni mayai. Mayai kweli?" (Abiria wa Dirishani)

Waalaykum salaam. Mayai kweli, ya mbuni, na hapo umenigusa penyewe maana mayai haya nimeyafuatilia muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Huo msikiti uliopo sasa ulijengwa 1907 mahali palipokuwa na mwingine wa zamani. Ni udongo, na zile mboriti zinazochungulia nje ya kuta kama miiba si mapambo tu, ni ngazi ya mafundi, kwa sababu mvua inaumega ukuta na kila mwaka mji mzima unajitokeza kuupaka upya kwa mikono, vijana wanakwea kwenye hizo mboriti na makapu ya tope. Juu ya ncha ndo yanakaa mayai, na wenyewe wanasema ni alama ya usafi na uzazi.

Sasa panda ndege twende Ethiopia. Juu ya paa za makanisa ya Kiorthodoksi utakuta msalaba, na kwenye ncha za msalaba mayai ya mbuni. Nenda makanisa ya Kikopti Misri, yananing'inia mbele ya madhabahu. Maelezo yao ni matamu: walikuwa wanaamini mbuni haatamii, anayakodolea macho mayai yake mpaka yaanguliwe, akigeuza shingo tu yameoza, basi muumini akiliona yai anakumbushwa asigeuze macho katikati ya sala. (Mbuni wa kweli anaatamia vizuri tu, tena dume na jike kwa zamu. Lakini mafundisho hayawezi kusubiri mtaalamu wa ndege.) Alafu nenda Istanbul, misikiti mikubwa ya Wasultani, ingiza jicho kati ya taa za lile tandabui la chuma linaloning'inia kubani, utayaona tena, na pale ukiuliza hawakuhubirii, wanakwambia yanafukuza buibui. Kitu kilekile, nyumba tatu za ibada, kazi tatu.

Na mwisho wa safari yake nimelikuta Milan, ndani ya mchoro. Piero della Francesca, miaka ya 1470, kachora Bikira Maria na mtoto wamezungukwa na watakatifu ndani ya kanisa lililopigwa mistari sawasawa utadhani ramani ya msanifu, na nyuma juu ya kichwa cha Maria, kutoka kwenye umbo la kombe la baharini, limeteremka yai kwa mnyororo. Limetulia tuli. Wasomi wamegombana miaka na miaka kama ni la mbuni au la ndege mwingine. Lakini mi macho yangu huwa yanashuka chini kulia, kwa yule mzee aliyepiga magoti na deraya yake ya chuma, kofia ya vita na glavu kaziweka sakafuni. Ni Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, aliyelipia mchoro. Kaangalia kushoto, na utafute picha zake nyingine, karibu zote utakuta kaangalia hukohuko, anatuonyesha shavu la kushoto tu. Sababu ni michezo. Alipoteza jicho la kulia kwenye mashindano ya mikuki, yale ya kukimbizana na farasi na kuchomana, mwaka 1450. Na daraja la pua limepigwa pengo, inasimuliwa aliliondosha mwenyewe ili jicho lililobaki lione na upande wa pili. Umeniuliza ya msikiti nimekuletea jicho la mpanda farasi, ndo maana mafungu yangu ya barua hayakukaa.

"Anko, mi mpenzi wa mieleka ya sumo kwenye tivii. Mbona ulingo wao uko ndani ya ukumbi uliofunikwa alafu juu yake kuna paa lingine linaning'inia halijashikwa na nguzo? Linazuia mvua gani?" (Kijana wa Rimoti)

Hakuna mvua, mpwa. Hilo ni paa la hekalu la Kishinto. Sumo ilichezwa sana kwenye viwanja vya mahekalu, na ulingo mpaka leo unahesabiwa ni mahali patakatifu, paa lake lilikuwa limesimama juu ya nguzo nne. Mwaka 1952 nguzo zikaondolewa kwa sababu zilikuwa zinawaziba watazamaji, na utangazaji wa tivii ulikuwa unakaribia kuanza, basi paa likatundikwa kwa nyaya, tani kama sita hivi zinaelea juu ya vichwa vya majitu. Ila nguzo hazikufa. Ukitazama pembe nne utaona vishada vikubwa vinaning'inia, kijani, chekundu, cheupe na cheusi, kila kimoja ni mahali pa nguzo yake, na kila kimoja ni majira ya mwaka na upande wa dunia.

Kuna kitu tivii haikuonyeshi. Siku moja kabla ya mashindano marefa wanavaa kikuhani wanafanya ibada, na katikati ya ulingo panachimbwa kishimo, vinafukiwa mchele, chumvi, njugu za kichestinati, mwani na ngisi mkavu. Yaani wale wanaume wa kilo 150 wanasukumana juu ya sadaka. Na ile chumvi wanayorusha kabla ya pambano ni ya kutakasa, usidhani ni mbwembwe, ingawa kuna wanaorusha kwa mbwembwe mpaka raha.

"Mchungaji wetu amekataza vijana kucheza mpira karibu na kanisa. Unasemaje?" (Nambari Tisa)

Mchungaji msikilizeni, mimi sinyanyui filimbi nisiyopewa. Nitakwambia tu kwamba kwenye kanisa kuu la Auxerre, Ufaransa, kila Pasaka mapadri wenyewe walicheza mpira ndani. Sakafuni palikuwa na mchoro wa njia za kuzungukazunguka, mkuu wao anaukumbatia mpira kwa mkono wa kushoto huku anacheza hatua kwa wimbo wa Pasaka, wenzake wameshikana mikono wanazunguka, anawarushia, wanamrudishia, wakimaliza wanaenda kula. Padri mpya ndo aliyetakiwa kuleta mpira. Iliishia mwaka 1538 baada ya magomvi mpaka mahakamani. Usimuonyeshe mchungaji gazeti hili.

"Naomba kujua, Abebe Bikila alikimbia pekupeku Roma kwa sababu ya umaskini? Kocha wangu anatumia mfano huo kutunyima raba." (Mkimbiaji wa Alfajiri)

Kocha wako mjanja. Bikila alikuwa askari wa walinzi wa mfalme Haile Selassie, raba zilikuwepo, ila alizopata kule Roma hazikumkaa zikamsumbua miguu, na mazoezini alishazoea kukimbia bila viatu, akaona bora nyayo anazozijua. Ilikuwa tarehe 10 Septemba 1960, marathoni ya jioni, giza limeingia, askari wamepanga mstari barabara ya kale ya Via Appia wameshika mienge, na kati ya mienge hiyo wanapita watu wawili tu mbele, yeye na Rhadi wa Morocco. Saa 2 dakika 15 sekunde 16, rekodi ya dunia, Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa dhahabu ya Olimpiki. Miaka minne baadaye Tokyo alivaa raba na soksi, wiki kama sita tu tangu afanyiwe upasuaji wa kidole tumbo, akashinda tena. Mwambie kocha na hiyo.

Lakini wewe nakupa kitu cha kubeba. Karibu na mwisho wa njia ile Roma palikuwa pamesimama mnara wa jiwe moja, mita 24 hivi, tani kama 160, wa karne ya 4. Ulikuwa wa Aksum. Majeshi ya Mussolini yaliung'oa Ethiopia yakausimamisha Roma mwaka 1937 kama nyara, Italia ikaja kuahidi kwa mkataba wa 1947 kwamba itaurudisha, na mwaka 1960 ulikuwa bado uko palepale. Pale ndipo Bikila alipopanga kumuacha mwenzie. Alipita pembeni ya jiwe la kwao, pekupeku, akaongeza mwendo, akaenda kumalizia chini ya tao la Constantine. Jiwe lenyewe lilirudi Aksum mwaka 2005 kwa ndege, vipande vitatu, likasimamishwa 2008. Minara ile iliwekwa juu ya makaburi ya watu wakubwa, kwa hiyo kwa namna fulani alipita msibani.

"Anko, nafunga safari ya Yerusalemu mwakani Mungu akipenda. Nitakuta nini Kanisa la Kaburi Takatifu ambacho wenzangu hawatakiona?" (Bibi Msafiri)

Shikamoo bibi. Utakuta ngazi.

Kanisa lile lina madhehebu sita ndani, Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Waethiopia na Wasiria, na kila nguzo, kila taa, kila saa ya ibada ina mwenyewe, kwa makubaliano ya tangu enzi za Waturuki kwamba kila kitu kibaki kilivyo. Kwa ajili hiyo ufunguo wa mlango hauko kwa hata mmoja wao. Uko kwa familia ya Kiislamu, na familia nyingine ya Kiislamu ndo inayoufungua mlango, wamerithishana kazi hiyo karne na karne. Waethiopia wao wanaishi juu ya paa, kwenye vijumba vya udongo, usikose kupanda kuwasalimia.

Sasa mtu mmoja aliwahi kuegesha ngazi ya mbao dirishani, alikuwa na shughuli zake. Haikuondolewa. Kwenye mchoro wa mwaka 1728 tayari ipo. Kuihamisha kunataka wote wakubaliane, na kukubaliana ndo hivyo tena. Mwaka 1997 kuna mtu aliificha, ikapatikana, ikarudishwa.

Ukifika usiingie ndani haraka bibi, wenzako watasukumana waache wasukumane. Simama uani, tazama juu ya milango, dirisha la kulia. Ni fupi, ya ngazi chache tu, unaweza ukaipita ukadhani fundi kaenda kunywa chai.